Ng'ombe Mbele ya Kisiki

Nyumbani kwa Johana, karibu na Roret, upande wa Kericho, siku ilianza na chai mara mbili. Kwanza ile ya kunywa, yenye maziwa mengi. Kisha ile ya kuchuma.

Chelangat, mke wa Johana, ndiye aliyekuwa na mikono myepesi. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka kikapu kikajaa. Johana mwenyewe alichuma polepole kwa sababu alizungumza sana. Mama yake, Jerusa, alichuma kimya. Majirani wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa amepita miaka sabini. Ukimwambia apumzike, alikuuliza kama wewe ndiye uliyechoka.

Shamba la chini lilikuwa lake. Alilipanda alipokuwa mama kijana, akibeba miche kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Johana. Yalikuwa mashina mia sita, na Kogo aliyajua kwa mistari yake.

Mwaka huo wa 1999, shamba la chini lilianza kuumwa.

Shina moja liligeuka manjano. Johana akasema ni jua. Wiki iliyofuata yakawa matatu. Johana akasema ni mbolea. Baadaye yakawa kumi na mawili. Mengine yalikauka kabisa, majani yake makavu yakiwa bado yameshikamana na matawi. Hapo Johana akanyamaza, na kwa mtu kama Johana hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko zote.

Jioni moja ya mwezi wa Machi aliingia jikoni akaketi bila kuvua gambuti, viatu vyake vya mpira vya shambani.

"Nimeongea na Kiptum," alimwambia mkewe. Kiptum alikuwa jirani yao. "Jumamosi ya wiki ingine anakuja na vijana kumi. Tunang'oa shamba yote ya chini, tunapanda mahindi."

"Yote?" Chelangat aliuliza.

"Yote. Hii ugonjwa inatembea. Tukingoja itapanda mpaka huku juu."

"Na yule mtaalamu wa majani chai, wa Kericho?"

"Mtaalamu ni mmoja na mashamba ni mingi. Nimeandikisha jina. Zamu yetu ni baada ya wiki sita. Baada ya wiki sita mvua ya kupanda mahindi itakuwa imeenda."

Kogo alikuwa karibu na moto, akinywa maziwa. Alimaliza maziwa, akaosha kikombe, akaenda chumbani kwake. Johana alimtazama akienda, kisha akatazama chini. Kung'oa chai ile kulimuuma. Lakini hakujua afanye nini kingine.

Ubavuni mwa boma lao palikuwa na nyumba ya mabati ya kupangisha. Mpangaji alikuwa Beverly Adoyo, mwanamke aliyetoka upande wa ziwa. Alifanya kazi ya ukatibu katika ofisi ya mafunzo ya wakulima, kule Kapkatet. Watu walimwita Madam Adoyo. Kila jioni alipotoka kazini alipitia jikoni kwa Chelangat, na kikombe chake kilikuwa kinamngoja.

Chelangat alimweleza yote. Adoyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kimeli, siwezi kumwambia mtaalamu aruke watu," alisema. Kimeli alikuwa mtoto wa kwanza wa Chelangat, aliyekuwa shule ya bweni. "Lakini kama yeye hawezi kuja kwa shamba, tunaweza kumpelekea shamba. Tumpelekee picha."

Johana alisikia kutoka mlangoni. "Picha ya nini? Si nibebe shina moja kwa gunia nimpelekee?"

"Hapana, Mzee. Mmea mgonjwa haubebwi. Hujui ni ugonjwa gani. Udongo ukianguka njiani, unaweza kuacha ugonjwa kwa shamba ya mtu. Picha haiambukizi mtu."

Johana akakubali.

Alhamisi jioni Adoyo alirudi na kamera ya ofisi. Ilikuwa kubwa, nene, ya rangi ya kijivu. Nyuma ilikuwa na kioo kidogo kilichowaka. Ubavuni ilikuwa na mlango mdogo, na ndani ya mlango ule aliingiza disketi, ile bapa ya kompyuta.

"Filamu inaingia wapi?" Johana aliuliza.

"Haina filamu. Ni kamera ya dijitali. Picha inaandikwa kwa hii disketi. Halafu disketi inaingia kwa kompyuta, na mtu wa Kericho anaona."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nje kulikuwa kumeanza kuwa giza. Haikuwezekana kupiga picha. Kesho yake Adoyo alitakiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi alimwonyesha Chelangat haraka haraka. Hapa unawasha. Hapa unaangalia. Hapa unabonyeza.

"Kesho asubuhi kabla ya mvua, piga hiyo chai," alisema. "Disketi nitaichukua jioni."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Yaliharibika kwa sababu ya adabu.

Usicheke, msomaji. Labda wewe pia una picha ya namna hiyo ukutani. Siku zile, kupigwa picha hakukuwa jambo dogo. Mpiga picha alikuja mara moja kwa mwaka, na picha yako ilikaa sebuleni miaka thelathini ikitazamwa na wageni. Kwa hiyo ulivaa nguo za kanisa. Ulisimama wima. Ulitaka uonekane wote, kuanzia kofia mpaka viatu, maana viatu ulikuwa umevipaka rangi. Na uchafu wa boma uliondolewa, kama unavyofagia mgeni akitarajiwa.

Johana aliamka mapema, akafanya hayo yote. Aliingia shamba la chini na panga, akakata mashina yote yaliyokauka, akayatupa mtaroni. Aliokota majani ya manjano moja moja. Pembeni mwa shamba palikuwa na kisiki kikubwa cha mti alioukata miaka mitatu iliyopita. Kwa miaka hiyo mitatu alikuwa amemwambia Chelangat kwamba atakichimba wiki ijayo. Kisiki kile kilimwaibisha. Akamleta ng'ombe wake mzuri, yule mwenye baka jeupe, akamsimamisha mbele ya kisiki ili kisionekane.

"Sasa piga," alisema.

Alisimama na Kogo mbele ya mashina yaliyokuwa kijani zaidi. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yao. Chelangat alirudi nyuma, akarudi tena, akarudi mpaka kwenye ua, ili viatu viingie. Akabonyeza. Mikono ilimtetemeka. Alipiga picha tatu tu, akaacha. Aliogopa kumaliza disketi ya watu.

Kioo cha nyuma hakuweza kukiona vizuri kwa sababu ya jua. Hakujua kwamba angeweza kukifunika na leso akaangalia. Alizima kamera, akatoa disketi, akaiweka juu ya redio, mahali ambapo vitu vya maana viliwekwa katika nyumba ile.

Adoyo alipokuja jioni aliiondoa pale upesi. "Mama Kimeli, disketi usiweke juu ya redio. Spika ya redio iko na sumaku. Sumaku inafuta picha."

Bahati ilikuwa upande wao, maana picha hazikufutika. Ila nasema bahati kwa kusitasita, na sasa hivi utaona kwa nini.

Jumamosi Adoyo alikwenda Kericho kununua vitu vyake. Alipitia kwa mtaalamu, ambaye jina lake lilikuwa Bwana Kipngetich. Jioni alirudi na barua. Alimpa Johana akiwa ameuma midomo ili asicheke. Johana alivaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Kwa Bwana Johana. Nimepokea picha tatu. Ng'ombe wako ana afya. Nyuso zenu sikuziona kwa sababu ni nyeusi. Chai niliyoiona ni nzima, haina ugonjwa wowote. Tafadhali nionyesheni mgonjwa. Kipngetich."

Adoyo alishindwa, akacheka. Chelangat akacheka. Hata Kogo, ambaye wiki nzima hakuwa ametabasamu, alicheka mpaka akafuta macho. Johana peke yake hakucheka.

"Sasa nyinyi mlitaka mtu wa Kericho aone uchafu wangu?" alisema.

"Mzee," Adoyo alimjibu kwa upole, "ukienda kwa daktari na kidonda, unakifunga na kitambaa kizuri halafu unamwambia asifungue?"

Johana alifikiri. "Hapana."

"Basi. Iko picha ya ukuta, na iko picha ya kumwonyesha mtu kitu. Ya ukuta, vaa suti. Hii ingine, kabla ya kupiga unajiuliza: nataka huyu mtu aone nini? Halafu unaonyesha hicho. Na usiguse kitu."

"Vijana wa Kiptum wanakuja Jumamosi," Chelangat alisema. Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Tuko na wiki moja."

"Kesho asubuhi, kabla ya kanisa," Adoyo alisema. "Na kesho nitakuwa hapa."

Jumapili asubuhi anga lilikuwa na wingu jepesi. Adoyo alifurahi. Alisema wingu la namna hiyo ni zuri, kwa sababu mwanga unafika kila mahali na hauleti vivuli vikali. Chelangat alibeba kamera. Johana aliagizwa asibebe panga.

Kwanza Adoyo alimwomba Chelangat aonyeshe alivyoshika kamera juzi. Chelangat aliinyosha mbele, mikono hewani.

"Ndiyo sababu ilitingishika. Lete viwiko vyako kwa mbavu. Sawa. Simama miguu ikiwa imeachana kidogo. Sasa vuta pumzi, ishike, halafu bonyeza polepole. Bonyeza nusu, ngoja kamera ione, halafu malizia."

Chelangat alifanya hivyo. Adoyo alitoa leso yake, akaitandaza juu ya kamera na juu ya vichwa vyao wote wawili. Ndani ya kivuli kile kioo kilionekana vizuri. Shina la chai lilikuwa pale, na majani yake yalihesabika.

"Ni mimi nimepiga hiyo?" Chelangat aliuliza.

"Ni wewe."

Iliyofuata ilikuwa mbaya. Kidole chake kilikuwa kimeziba kona, na majani yalikuwa na ukungu. Chelangat alishtuka. "Nimeharibu. Pole, Madam. Nimeharibu disketi ya ofisi."

"Hujaharibu kitu." Adoyo alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. "Imefutika. Nafasi imerudi. Piga ingine."

Chelangat alimtazama. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hii disketi inabeba kama picha ishirini. Ukipiga mbaya unafuta. Hakuna mtu wa kukugombeza."

Mabega ya Chelangat yalishuka. Maisha yake yote alikuwa amejua kwamba picha ikiharibika imeharibika, na mtu amelipa bure. Sasa alikuwa na kitu mkononi kilichomruhusu kukosea. Alianza kupenda kazi ile. Alipiga, akaangalia chini ya leso, akafuta, akapiga tena.

Adoyo alimwonyesha kwa nini nyuso zilikuwa nyeusi. Jua lilikuwa nyuma ya watu, na kamera ilitazama jua. "Jua likiwa kali, liache nyuma yako wewe mpigaji. Liangukie kile kitu. Lakini angalia na kivuli chako kisianguke juu yake."

Kisha akauliza, "Mgonjwa ni nani hapa?"

Johana alionyesha kwa kidole, bila furaha. Mashina yaliyokauka alikuwa ameyakata. Lakini tangu Ijumaa, mengine manne yalikuwa yamegeuka manjano.

"Tutapiga mara tatu," Adoyo alisema. "Kutoka mbali, tuone ugonjwa umekaa wapi kwa shamba. Halafu shina moja, lote. Halafu karibu kabisa, pale panauma."

Walipanda kidogo mlimani. Kutoka pale waliona shamba la chini lote. Chelangat alipoinua kamera, Johana aliteremka haraka akimvuta yule ng'ombe.

"Baba Kimeli, unaenda wapi?" Chelangat aliita.

"Hicho kisiki kitaonekana."

"Wacha kionekane. Madam amesema tusiguse kitu. Toa ng'ombe."

Johana alisimama, akatazama kisiki, akatazama mkewe. Halafu akamtoa ng'ombe. Naamini hilo lilimgharimu zaidi ya kukata mashina yote yale na panga. Chelangat alibana viwiko, akashika pumzi, akapiga.

Kwa picha ya karibu, Johana alifukua udongo kwa mikono kwenye shina moja la manjano, mpaka mwanzo wa mizizi. Gome lilikuwa limepasuka. Adoyo alimwomba alibandue kidogo kwa kisu. Chini ya gome palikuwa na utandu mweupe, mwembamba, umelala juu ya mti.

Hakuna aliyekuwa ameuona kabla ya siku ile, maana hakuna aliyekuwa amefukua.

Chelangat alipiga magoti. Aliondoa majani ya nyasi yaliyokuwa mbele ya shina. Alitaka kufuta kioo cha mbele cha kamera kwa kidole chenye utomvu wa chai, lakini Adoyo alimshika mkono, akampa kitambaa laini, safi. Kisha Adoyo akaweka kiberiti kando ya mzizi.

"Kiberiti cha nini?" Johana aliuliza.

"Mtu wa Kericho hajui hiki kitu ni kikubwa ama kidogo. Kiberiti anakijua."

Picha ya kwanza ilikuwa na ukungu, kwa sababu Chelangat alikuwa amesogea karibu mno. Alirudi nyuma kidogo, akabonyeza nusu, akangoja. Akamaliza. Chini ya leso waliuona utandu ule mweupe, na hata maandishi ya kiberiti yalisomeka.

Kogo alikuwa amekuja nyuma yao na fimbo yake. Aliinama, akanusa mzizi.

"Inanuka uyoga," alisema.

"Kamera haiwezi kunusa, Kogo," Adoyo alisema. "Tutaandika." Akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi: ugonjwa ulianza lini, mashina mangapi yameumwa na mangapi yamekatwa, na kwamba mizizi inanuka uyoga.

Jumanne tarishi wa ofisi ya Kapkatet alikwenda Kericho na disketi ile, ikiwa ndani ya bahasha na karatasi ya Adoyo.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Alhamisi jioni Kiptum alipita barabarani, akauliza kama mpango uko vile vile. Johana akasema uko vile vile. Chelangat alimsikia, akaingia ndani kwa sababu hakutaka kulia mbele ya jirani. Kogo alikuwa ameacha kutazama upande wa shamba la chini hata alipopita karibu nalo.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Adoyo aliingia bomani akitembea kwa haraka, viatu vya ofisi mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa na bahasha. Hakumpa Johana. Alimpa Chelangat.

"Ni wewe ulipiga. Soma wewe."

Chelangat alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole:

"Kwa Bwana Johana na Mama Chelangat. Sasa nimemwona mgonjwa, na nimemwona vizuri. Ule utandu mweupe chini ya gome, na ile harufu ya uyoga, vinaonyesha ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Picha ya mbali imenionyesha ulikotoka. Pembeni kuna kisiki. Mashina yanayokufa yote yamekizunguka. Ugonjwa uliingia katika mizizi ya mti ule baada ya kukatwa. Sasa unapita chini ya ardhi, kutoka mzizi hadi mzizi."

Johana alishika kichwa. Chelangat aliendelea:

"Msing'oe shamba lote. Ng'oeni mashina yanayoumwa, na yale mliyoyakata, na mstari mmoja wa mashina mazima yanayoyazunguka. Nimehesabu katika picha, ni kama ishirini na saba. Chimbeni mizizi yote, hata iliyo nyembamba kama penseli. Chimbeni na kisiki. Vikaukie hapo hapo, mvichome hapo hapo. Msipeleke kuni nyumbani. Pandeni nyasi ya ng'ombe mahali hapo kwa miaka miwili, kisha mtarudisha chai. Siku nyingine mkitaka kukata mti shambani, kwanza ubandueni gome kuuzunguka, mngoje ukauke ukiwa umesimama. Hayo mengine yote ni mazima. Yaacheni."

Chelangat aliishusha barua. "Ishirini na saba," alisema. "Si mia sita. Ishirini na saba."

Johana alikuwa ameketi chini, pale pale kwenye nyasi yenye maji. Alilia. Aliona haya, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto. Hakuna aliyemwambia hivyo. Chelangat alijihisi mwepesi mwili mzima, kana kwamba mtu amemtua kikapu kilichojaa. Alimshika Adoyo mkono, akaushika muda mrefu.

"Madam, asante. Asante sana."

"Mimi nilileta kamera tu," Adoyo alisema. "Sasa nipe chai, nimetembea kutoka barabarani."

Kesho yake Kiptum alikuja na vijana wake kumi, wakiwa na majembe na mashoka, tayari kwa mashina mia sita. Johana aliwapa ishirini na saba na kisiki. Walifikiri wamepata siku ya mchezo. Mashina yaliwachukua saa tatu. Kisiki kiliwachukua mpaka jioni, nacho kiliwatukanisha sana. Chelangat alipiga picha za mashimo, ili mtaalamu aone kama wamefikisha kina. Jua aliliacha nyuma yake bila kukumbushwa.

Habari ilienea. Jirani mmoja alikuwa na mahindi yenye milia. Mwingine alikuwa na mbuzi aliyevimba jicho. Walikuja kwa Chelangat. Ofisi ya Kapkatet ilikubali kumwazima kamera kila Jumatano, mradi awafundishe pia wenzake wa kikundi cha akina mama. Aliwafundisha kwa kuwaacha wakosee. Na kabla ya yote aliwaambia jambo moja: rudini nyumbani mkabadilishe nguo, kitu kinachoumwa ndicho kinapigwa picha leo.

Zamu ya Johana ilipofika kitabuni, mtaalamu alisema atakwenda kwanza kwa wengine ambao bado hawajasaidiwa. Alikuja mwezi wa Oktoba. Bwana Kipngetich alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu. Aliteremka shamba la chini, akapita mstari mmoja baada ya mwingine. Alifukua hapa, akabandua gome pale. Watu wa nyumba walimfuata nyuma. Ilichukua asubuhi nzima.

Mwishowe alisimama kando ya nyasi ya ng'ombe, iliyokuwa imefika magotini, akapangusa kisu chake.

"Hakuna mgonjwa mwingine," alisema. "Hata mmoja. Hii chai iko sawa."

Johana alitoa pumzi ndefu. Alimgeukia mama yake.

"Mama, umesikia? Iko sawa."

Kogo alikuwa anatazama mashina, mstari kwa mstari.

"Nimesikia," alisema. "Lakini mimi nilikuwa nimeiaga."

"Umeaga nini?"

"Hii majani. Ile siku ulisema mnang'oa, nilikuja asubuhi mkiwa bado mmelala, nikaiaga yote. Halafu barua ikakuja, mkafurahi, na mimi nikafurahi. Lakini kwa roho niliogopa kuishika tena, nikisema labda itakufa tu. Miezi yote hii nimechuma shamba ya juu tu. Hamkuona?"

Hawakuwa wameona. Johana alimwonea mama yake huruma, na alijionea aibu yeye mwenyewe kwa kutoona.

"Basi nipeni kikapu," Kogo alisema.

Chelangat alimpa chake. Kogo aliteremka taratibu na fimbo yake mpaka mstari wa kwanza. Akasimama pale. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeingia kwa jirani, "Chamgei." Hivyo ndivyo watu wa kwao wanavyoamkiana. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye ua, akaanza kuchuma.